Mawili au manne? Matairi yasiyolingana na kinachoumia ndani ya gari la AWD

Mwenye Vitz ambaye matairi yake ya mbele yamekuwa vipara hununua mawili, hufungiwa, huyo akaenda zake. Mwenye Subaru Forester akitaka kufanya vivyo hivyo, fundi mmoja atamwambia anaua gia boksi, na mwingine aliyekaa pembeni atacheka na kusema hiyo ni lugha ya wauza matairi wanaotaka kuuza manne badala ya mawili. Ubishi huu ni wa kila siku, uwe Ilala ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, na hauishi kwa sababu kila upande una mifano yake. Kuna Subaru iliyokufa baada ya kuvishwa matairi mchanganyiko, na kuna Land Cruiser inayovaa chochote kinachopatikana tangu ishuke melini na bado inadunda.

Mifano yote miwili inaweza kuwa ya kweli. Herufi AWD zilizobandikwa nyuma ya gari zinasema jambo moja tu: injini inaweza kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Hazisemi kuna nini katikati, baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na hicho cha katikati ndicho kinachoumia.

Kazi ya sekunde chache inapogeuka kuwa ya kutwa

Gari likikata kona, magurudumu yake manne hupita njia nne zenye urefu tofauti. La nje hutembea zaidi kuliko la ndani, na ya mbele hutembea zaidi kuliko ya nyuma. Tofauti ya kulia na kushoto huachiwa difu ya ekseli, yaani gia zinazoruhusu magurudumu mawili kupishana kasi. Tofauti ya mbele na nyuma haimsumbui mtu kwenye gari la kawaida, maana ekseli moja inajizungukia tu bila kuunganishwa na injini. Kwenye AWD zote mbili zimeunganishwa kwa propela, ile shafti ndefu iliyo chini ya gari, kwa hiyo lazima katikati pawe na kitu kinachoziruhusu kupishana kasi. Hilux na Land Cruiser ya familia ya 70 hazina kitu hicho, ndiyo maana ukiziweka H4 (magurudumu yote manne yakivuta) kwenye lami kavu shafti zinapindwa kutoka pande mbili kama nguo inayokamuliwa, mpaka tairi mojawapo liteleze au kitu kikatike. Zikiwa H2 (ya nyuma tu yakivuta) hakuna tatizo lolote, na hapo ndipo ilipo siri ya yule Land Cruiser anayevaa chochote.

Ukikata usukani wote kwenye Forester ya zamani, ambayo kutoka ekseli hadi ekseli ni kama mita 2.5, tofauti ya mbele na nyuma huzidi asilimia 10. Ni kubwa kweli. Lakini inadumu sekunde chache, kwa mwendo wa mtu anayetembea, kisha gari linanyooka na kile cha katikati kinapumzika. Kimetengenezwa kwa kazi ya namna hiyo. Tairi lisilolingana na wenzake halileti tofauti kubwa, linaleta ndogo isiyokoma.

Tuipigie hesabu. Tairi la 215/60R16, ambalo Forester na Outback nyingi zilikuja nalo, lina kipenyo cha milimita 664, na mzingo wake ni milimita 2,087. Likiwa jipya kashata zake, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, zina kina cha kama milimita 8. Chukua jingine la saizi hiyohiyo lililobakiza milimita 3, ambalo bado ni halali barabarani na mtu yeyote angesema linafaa. Nusu kipenyo imepungua milimita 5, mzingo umepungua milimita 31. Hiyo ni asilimia 1.5, kwa macho huioni. Ila jipya huzunguka mara 479 kwa kilometa moja, na lililoisha mara 486. (Tairi likibebeshwa gari hubonyea kidogo, kwa hiyo namba halisi husogea, lakini uwiano unabaki palepale.)

Sasa kama mawili mapya yako mbele na mawili yaliyoisha yako nyuma, kile cha katikati hakioni tofauti ya mizunguko 7. Kinaona zaidi, kwa sababu propela huzunguka mara nyingi kuliko gurudumu. Kwa uwiano wa 4.11, ambao ni wa kawaida kwenye Subaru, ile 7 inakuwa 30 kwa kila kilometa. Ukitembea kilometa 100 kwa saa, ni mizunguko 50 ya ziada kila dakika. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, kilometa kama 480, inapita 14,000, na sehemu kubwa ya safari hiyo usukani umenyooka, wakati ambao kile cha katikati kilipaswa kuwa kimetulia tuli.

Msuguano unazaa joto. Chukulia kile cha katikati kinaipinga tofauti hiyo kwa nguvu ya mzunguko ya niutoni-mita 100. Kwa mizunguko 50 kwa dakika, hizo ni zaidi ya wati 500 za joto, mfululizo, ndani ya chombo kilichozibwa chini ya gari, nje nako kukiwa na jua la Voi.

Katikati kuna nini?

Kama katikati kuna difu ya kawaida isiyojifunga, kama ile ya Land Cruiser 100 kabla hujabonyeza kitufe cha kuifunga, tofauti ya asilimia 1.5 haiui mtu. Vigia vya ndani vinazunguka polepole pale ambapo vingekuwa vimesimama, oili inavilainisha, maisha yanaendelea. Vinalika mapema kuliko ilivyokusudiwa, ila ni ulikaji wa miaka. Difu ya Torsen, iliyomo kwenye Prado 120, ni nyeti kidogo kwa sababu inafanya kazi kwa kusuguanisha gia zake makusudi. Bado ni chuma juu ya chuma ndani ya oili, na ina uvumilivu.

Uvumilivu unapungua sana ukifika kwenye viskasi. Ni kopo lililozibwa lenye sahani nyingi nyembamba, moja imeshikana na upande wa mbele, inayofuata na upande wa nyuma, zimepishana hivyo mpaka mwisho, na katikati yake kuna majimaji mazito ya silikoni. Sahani zikipishana kasi, majimaji yanakatwa, yanapata joto, yanavimba. Yakivimba vya kutosha yanazibana sahani na kopo zima linakuwa kama kipande kimoja cha chuma. Kwenye matope hilo ndilo unalolitaka. Kwenye lami, kwa sababu tu matairi ya nyuma ni madogo, ni balaa: viskasi inapikwa kidogo kidogo kila siku hadi silikoni inaharibika na kuganda, na kuanzia hapo haiachii tena hata ikipoa.

Viskasi ziko nyingi huku kwetu kuliko watu wanavyodhani. Zimo kwenye Subaru nyingi za gia za mkono, kwenye RAV4 za kizazi cha pili, na kwenye baadhi ya Probox na Fielder za magurudumu manne, ambazo wenyewe wakati mwingine hata hawajui kwamba nyuma kuna difu. Mfano unaofahamika zaidi duniani ni Land Rover Freelander ya kwanza. Viskasi yake ikikaza, yenyewe huwa haivunjiki. Inavunja majirani: boksi la gia lililo mbele yake, au difu iliyo nyuma yake. Mwenye gari analipia boksi jipya, anaacha viskasi ileile na matairi yaleyale, na baada ya muda anarudi gereji na ugonjwa uleule.

Kundi la mwisho ni la klachi inayoongozwa na kompyuta: X-Trail, RAV4 za kuanzia kizazi cha tatu, Volkswagen na Audi zenye Haldex, na Subaru karibu zote za otomatiki. Kompyuta inasoma kasi ya magurudumu na kuamua ibane klachi kiasi gani. Haina macho ya kuona tairi kipara. Inachoona ni ekseli moja inayozunguka haraka kuliko nyingine, dalili ileile ya gurudumu linaloteleza kwenye tope, basi inaweza kubana. Inabana, tofauti haiishi kwa sababu haikuletwa na tope, klachi inateleza huku imebanwa. Kwenye Subaru za otomatiki klachi hiyo inakaa mkiani mwa gia boksi na inaogelea kwenye haidroliki ileile ya gia boksi. Unga wa klachi iliyoungua hausemi mimi ni wa nyuma tu; unazunguka na haidroliki mpaka kwenye vali na klachi nyingine zote. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza, aliyesema tairi linaua gia boksi, kwa gari hili hakuwa anatishia nyau.

Saizi pembeni ya tairi haitoshi, na upana si hoja

Watu huangalia jina la kampuni na muundo wa kashata, kisha wakiona vinafanana wanaridhika. Kile cha katikati hakijui jina la kampuni. Kinajua mzingo peke yake. BMW X5 ya E70 iliweza kutoka kiwandani ikiwa na 255/50R19 mbele na 285/45R19 nyuma, matairi ambayo kwa sura hayafanani hata kidogo. Piga hesabu: milimita 737.6 na 739.1. Wameacha upana utofautiane na wakalinda kipenyo.

Kinyume chake ndicho kinachotokea mtaani. Mtu anataka gari linyanyuke kidogo lisigonge matuta, anafunga 215/65R16 nyuma na kuacha 215/60R16 mbele. Namba moja tu imebadilika, tano kwa sifuri, lakini kipenyo kimeongezeka zaidi ya milimita 21, asilimia 3.2. Hiyo ni mara mbili ya mfano wetu wa jipya na lililoisha. Angefunga yote manne makubwa, kile cha katikati kisingejua chochote. Spidi mita ingedanganya kidogo na basi.

Hata matairi mawili mapya yenye saizi ileile lakini kutoka viwanda tofauti yanaweza kupishana milimita kadhaa, maana saizi iliyoandikwa ina nafasi ya kupungua na kuzidi. Upepo nao una mchango, ila mdogo kuliko tunavyoambiwa: ndani ya tairi la radia kuna mkanda wa waya za chuma usiorefuka wala kufupika, hivyo mzingo haubadiliki sana upepo ukipungua. Unabadilika vya kutosha kompyuta ya baadhi ya magari igundue tairi lenye upepo mdogo kwa kusoma kasi ya gurudumu tu. Jaza upepo sawa kwa sababu nyingine nzuri, na hii iwe ya nyongeza.

Mpaka wa kuvumilika ni upi? Subaru imewaambia wateja wake wa Marekani kwamba mizingo ya matairi manne isipishane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Ukiigawa, ni milimita moja tu ya kashata. Ni masharti makali, na sidhani kuna Subaru nyingi barabarani kwetu zinazoyatimiza kila siku. Watengenezaji wengine huruhusu milimita 2 hadi 3 za kashata. Kwa maoni yangu, mwenye viskasi au klachi ya kompyuta asivuke milimita 2 baina ya mbele na nyuma, na akifika 3 ajue anakula mtaji.

Kupima hakuhitaji mashine. Futikamba ya fundi cherehani inatosha: izungushe katikati ya tairi gari likiwa limepigwa jeki, soma mzingo, andika, nenda linalofuata. Ukitaka kipimo kinachohesabu na uzito wa gari, chora mstari wa chaki kwenye tairi na chini sakafuni, sukuma gari moja kwa moja mpaka tairi lizunguke mara tano, pima umbali, gawa kwa tano. Namba nne kwenye karatasi zinamaliza ubishi wa gereji nzima.

Tairi moja limepasuka, matatu bado mazima

Hapa ndipo mfuko unapouma. Marekani kuna maduka yanayochukua tairi jipya na kulichonga kwa mashine mpaka lilingane na matatu yaliyobaki. Huku huduma hiyo si rahisi kuipata, lakini tuna kitu ambacho Mmarekani hana kwa urahisi huu: rundo la matairi ya mtumba. Tairi lililotumika, la kampuni na muundo uleule, lililobakiza kashata sawa na ya kwako, ni dawa bora kwa difu kuliko jipya la bei kubwa. Nenda na futikamba yako. Soma pia tarehe iliyogongwa pembeni. Namba nne za mwisho wa msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya 2019. Lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi liache palepale hata wakikupunguzia.

Kama umelazimika kununua mawili, kuna fundi atakushauri kupachika jipya moja mbele na jipya moja nyuma, kwa kukingama. Ushauri huu una akili ndani yake. Difu ya ekseli huchukua wastani wa magurudumu yake mawili, hivyo wastani wa mbele utalingana na wa nyuma na kile cha katikati kitatulia. Mzigo umehamia kwenye difu za ekseli, ambazo zikiwa za kawaida huvumilia zaidi. Lakini Forester na Impreza nyingi zina difu ya nyuma yenye viskasi yake ndogo, na hapo umehamisha moto kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Isitoshe, ukifunga breki kwenye mvua, kwenye kila ekseli tairi moja litashika na jingine litateleza. Ni njia ya kufikia nyumbani. Mtu asiitumie mwaka mzima.

Spea ile nyembamba iliyomo kwenye buti ni hatari kuliko zote kwa sababu kipenyo chake mara nyingi hakilingani na cha wenzake. Subaru za otomatiki za zamani zilikuwa na suluhisho ambalo wengi wanalibeba bila kulijua: chini ya boneti kuna kituo cha fyuzi kilichoandikwa FWD, kitupu. Pachika fyuzi humo, klachi ya nyuma inaachia, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi, gari linavuta kwa mbele tu. Spea hufungwa nyuma. Kama pancha ni ya mbele, hamisha la nyuma lije mbele kwanza. Usipite kilometa 80 kwa saa. Kwenye X-Trail za T30 na T31 kazi hiyo ni ya kitufe cha 2WD. Subaru mpya zenye CVT (gia boksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) hazina kituo hicho cha fyuzi, hivyo nenda karibu na polepole.

Kinachozuia haya yote yasitokee ni kuzungusha matairi kila kilometa 8,000 au 10,000, mbele yaende nyuma, ili yaishe pamoja. Na kama spea ni tairi kamili la saizi ileile, iingize kwenye mzunguko. Siku moja likipasuka, lililoko kwenye buti litakuwa limechakaa sawa na wenzake.

Dalili, na ile dawa ya kutoa propela

Mfumo uliokaza hujitangaza kwenye maegesho kabla ya barabara kuu. Ukikata usukani wote na kwenda taratibu, gari linajivuta kana kwamba breki ya mkono imeachwa, linaruka kwa vipindi, matairi yanalia kwenye sakafu. Usichanganye na sivi jointi (kiungo cha shafti ya gurudumu) iliyokufa, ambayo hugonga kwa mlio wa haraka lakini hailizuii gari. Kwenye Subaru ya otomatiki yenye kile kituo cha FWD, pachika fyuzi na urudie kona. Kukaza kukiisha, klachi bado inaachia, na mara nyingi kubadilisha haidroliki na kusawazisha matairi kunasaidia. Kusipoisha, solenoidi (vali ya umeme inayoiongoza klachi) imekufa au sahani zimeng'ang'ania kwenye ngoma yake, na hapo mkia wa gia boksi lazima ufunguliwe.

Mafundi wengi hufika kwenye hatua hii na kusema, toa propela, gari litembee kwa mbele. Kwenye X-Trail au RAV4 ya klachi ya kompyuta hilo hufanyika na gari likatembea, ukikubali taa za onyo na thamani iliyopungua. Kwenye Subaru ya gia za mkono ni kosa. Difu yake ya kati ikikosa mzigo wa nyuma, nguvu yote hutafuta upande usio na upinzani, na kinachobaki kulisukuma gari ni viskasi peke yake, ambayo itaungua kwa kazi isiyo yake. Propela ya Subaru pia imechomekwa moja kwa moja kwenye mkia wa gia boksi. Ukiichomoa bila kuziba tundu, oili inamwagika.

Anayenunua gari la mtumba asiridhike kuona matairi manne mapya yanang'aa, kwa kuwa hayo yamefungwa juzi ili gari liuzike na hayasemi lilitembeaje kabla. Aliombe kwa safari ya nusu saa ya barabara kubwa, kisha arudi kwenye uwanja wa lami na kuzunguka duara dogo, kulia na kushoto. Viskasi inayoanza kufa huachia vizuri ikiwa ya baridi asubuhi. Hukaza ikishapata moto.